Medali Mbili za Sergent Ntambwe

Musonoi, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Kambo yangu mupenzi,

Jambo sana. Magoti inaendelea namna gani? Mi na Glodi tuko bazima, mavumbi tu njo inatukohoza.

Nimepata kazi. Kampuni moja inanipa tenue na bottes, nguo na viatu za balinzi, nichunge lupango, ule uzio ya mugodi. Sitaingia tena mu shimo kuchimba. Weye njo ulinipa jina ya babu yako, Sergent Ntambwe, mwenye medali mbili za wakati wa bazungu ba kwanza. Sasa jina imepata tenue yake. Tuma lupemba na Mama Mushiya, mwenye kutuletea barua, nipakae ile udongo mweupe ku kipaji ya uso, iwe baraka, mbele ya kuanza.

Mujukulu wako, Ntambwe

Kisenge, tarehe 19 mwezi wa tatu

Ntambwe,

Jambo. Magoti ni ya uzee, usiulize. Unakula?

Lupemba situmi. Unachunga lupango juu ya kufukuza nani? Si Glodi, mutoto wa mama yako, njo anachimba mule?

Unasifu Sergent kama muntu anasifu ng'ombe ya jirani. Sikia. Bazungu balimukamataka akiwa mutoto kule Lusambo, bakamupa bunduki. Alipiganaka vita muzuri, bakamufungia medali ya kwanza. Akapanda mpaka sergent. Kupita pale, mweusi hakupita. Akaomba kurudia kwa mama yake. Bakasema: bado. Siku moja bakamutuma kweli kwa mama yake, na baaskari nyuma, juu kijiji ilikatala kutoa mupira, ile utomvu ya miti bazungu balitaka. Akatii. Medali ya pili njo ile. Akafwa mbali, na cheo yake, na hakuna wa kwabo aliyemutumia hata salamu.

Jina nilikupa uisafishe.

Kambo yako, Mianda

Musonoi, tarehe 2 mwezi wa tano

Kambo,

Salamu. Usikasirike, tenue nilishavaa. Chini udongo ulikuwa unanitafuta. Juu, weye unanigombeza. Niishi wapi?

Ijumaa ijayo chef wetu wa kazi anatutuma kufunga mashimo na tingatinga. Glodi na benzake banaapa habatoki. Nilimubembeleza, akacheka: "Kwenda kule, Sergent." Nikikatala, chef ataniita mwizi kama bo. Na ku shimo hakuna mwenye kunipokea tena, juu balishaniona na tenue. Niambie nifanye nini. Nangojea neno yako.

Mujukulu wako

Kisenge, tarehe 21 mwezi wa tano

Ntambwe,

Motoka ya Mama Mushiya iliharibika Mutshatsha, barua imefika leo. Ijumaa yako ilishapita. Jibu yangu ni ile ile: usimufungie ndugu yako. Lakini weye ulishafanya chenye ulifanya, na mi sijui.

Kama ulikatala, kuya huku kwangu na Glodi, mutalala chini. Kama ulitii, kuya vile vile. Nitakutukana mpaka majirani bachoke, kisha utakula bukari, ugali ya mukono yangu. Andika, hata mustari mumoja.

Kambo yako

Kisenge, tarehe 16 mwezi wa sita

Ntambwe,

Mama Mushiya amerudia mikono mitupu. Anasema mashimo ilifungwa. Anasema Glodi alitolewa na mukono ya kuvunjika, na weye unapita mu barabara na tenue, hauangalie muntu.

Basi napanda motoka ya kesho. Nitaikala ku mulango ya lupango yenu na magoti yangu haya, na bukari yako mu sahani. Chef akisema mutoe huyu muzee hapa, utaona mwenyewe kama utatii.

Kambo yako, Mianda