Mrithi wa Akaunti

Jumanne, Chanika, Handeni

Nimechagua benki ya pili, na wala si kwa sababu ya makato. Ile ya kwanza ilitaka wadhamini wawili wa hapa Handeni, na mimi tangu nije kutoka Burundi namjua mtu mmoja tu, Bibi Mwanahawa, mwenye nyumba niliyopanga.

Fomu ikataka mrithi mwenye namba ya simu ya Tanzania. Nikamwandika yeye, na niliporudi nikamwambia.

Akaacha kuchambua mchicha. "Yaani ukifa watanipigia mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mama yako atapigiwa na nani?"

Hilo fomu haikuuliza.

"Kirundi mimi sikijui," akasema. "Nifundishe cha kumwambia."

Salamu ameshaiweza. Kinachofuata baada ya salamu nimemwambia nimekisahau.