Viza Yako Iliyofutwa

Wanjiku wangu,

Hapa mtaani Free Area tu wazima. Babu yako mpya ananiita "bibi arusi" hata mbele ya mama mboga, nami nayeyuka kabisa.

Umeuliza kama ukate rufaa kuhusu viza ya masomo waliyofuta watu wa uhamiaji huko ughaibuni, au urudi tu nyumbani. Nikiwa kidato cha pili nilifukuzwa shule, nikafika nyumbani na sanduku langu.

"Wamekupa sababu?" mama akauliza.

"Sikuuliza."

"Basi hilo sanduku lisiingie ndani. Turudi tukaulize."

Kumbe walinichanganya na msichana mwingine; nikarudishwa shuleni. Mama aliponiacha pale getini, hakutaka kuuachilia mkono wangu.

Kitanda chako nimekitandika, mpenzi, natamani uje hata leo. Lakini kata rufaa kwanza.

Cucu, nyanya yako