Vumbi Jeupe Ndani ya Mashine ya Kipa

Dukani kwangu, nyuma ya soko,
Alhamisi asubuhi.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba ile baridi uliyosema inakutafuna masikio imeanza kulegea. Mgongo je? Na zamu za kazini? Kula chakula, mwanangu, usiishi kwa chai na biskuti kama mgonjwa wa wodini. Sisi huku tunapumua. Goti langu la kushoto bado lina kiburi chake. Mume wangu anakohoa kama lori lililochoka, lakini sahani yake hurudi jikoni nyeupe, kwa hiyo simhurumii sana. Baba yako, kwa upande wa mwili, ni mzima. Upande mwingine ndio ulionikalisha chini na kalamu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Baba yako yuko kwangu tangu jengo lianguke, na nyumba yangu unaijua, ukipiga chafya jikoni unaitikiwa sebuleni. Isitoshe, maneno haya nimejaribu kuyasema kwa mdomo yakanikwama.

Alikuambia kwamba ile mashine ya gemu uliyomletea imekufa tena, ndiyo maana Jumamosi zinapita bila nyinyi wawili kucheza mpira wenu mtandaoni. Si kweli. Mashine ni nzima. Nimeitengeneza kwa mikono yangu, na hapa ninapoandika iko nyumbani kwangu imefunikwa kitambaa. Niwie radhi kwa kumwumbua kaka yangu, lakini ni lazima ujue yote tangu mwanzo, maana nina jambo la kukuomba.

Mara ya kwanza aliniletea dukani ikiwa imeviringishwa taulo kama mtoto mchanga. Akasema haiwaki na yeye hajaigusa. Wanaume wote huniambia hivyo hivyo. Nikapima waya kwa mita, waya mzima. Nikafungua, nikakuta fyuzi ya ile sehemu inayopokea umeme imekatika, na humo ndani kumejaa vumbi jeupe lenye unyevu, limeganda juu ya saketi kama ukoko. Nikapiga brashi na spiriti, nikakausha, nikabadilisha fyuzi. Ikawaka. Nilimwambia aache kuiweka karibu na dirisha, akaitikia kama mtoto wa shule, akaondoka akipiga mluzi.

Haikupita muda akarudi. Safari hii taa ilikuwa inawaka mara moja, inalia tiki, inazima. Vumbi lilelile, feni imeziba kabisa. Nikalisugua kati ya vidole. Mwanangu, vumbi la nyumbani ni laini, lina nywele na nyuzi za nguo. Hili lilikwaruza. Nikamwuliza kama kuna ujenzi karibu. Akasema hakuna. Nikaisafisha tena, lakini moyo wangu haukutulia, nikamwambia naenda nayo mwenyewe hadi kwake.

Chumba chenu unakijua, ghorofa ya kwanza, karibu na ngazi. Tulipofika mlango ulikataa kufunguka mpaka baba yako aupige bega. Alisema mbao imevimba, ameshaipiga randa mara kadhaa na bado inagoma. Nikaiweka mashine mahali pake chini ya televisheni, juu yake nikatandaza kile kitambaa changu cheusi cha kufutia vioo, tukanywa chai. Hata kikombe hakijaisha, kitambaa kilikuwa na madoa meupe. Tukatazamana. Kisha sote wawili tukatazama juu.

Baba yako alipanda kwenye kiti akabandua ubao mmoja wa dari, mimi nikammulikia na simu. Boriti ya zege inayokatiza pale juu ilikuwa imepasuka, ufa wa kuingiza kidole. Nondo zimetoka nje, zimevimba kwa kutu, na maji ya tangi la juu yanatiririka polepole kwa kuzifuata. Kila mtu wa ghorofa ya pili alipopita, unga ulimwagika. Baba yako alishuka, akafuta kiti kwa mkono, akakirudisha mezani.

Tulimwita Bwana Rangi. Unamkumbuka, yule msimamizi wa jengo aliyekuwa akiwafukuza nyinyi watoto kwenye ngazi na kopo lake la rangi mkononi, kila ufa anaupaka. Aliingiza kichwa darini, akatoka anacheka.

"Shangazi, wewe shika nyaya zako," alisema. "Jengo hili lina umri mkubwa kuliko ndoa yako, na limekaa kimya kuliko ndoa yako."

Nilikasirika na nilicheka, maana mtu yule alijua kusema. Baba yako hakucheka. Alimwambia mbele ya wapangaji waliokuwa wakipita kwamba siku watu wakifa humu, damu yao itakuwa kwenye kopo lake. Tangu siku hiyo hawakusalimiana tena. Mwenye nyumba alipopelekewa habari alituma rangi. Ofisi ya majengo ya jiji nilikwenda mimi, nikaambiwa mtu atakuja. Hatujamwona.

Nilimsihi baba yako ahame. Akasema mama yako alitolewa kwa mlango ule kwenda kuzikwa, na yeye atatoka kwa mlango huo huo. Basi nikatumia ujanja. Mashine nikaichukua, nikamwambia uwanja umehamia kwangu, akitaka kucheza na mwanawe aje huko. Nilijua hatakubali kuikosa Jumamosi yenu. Na wewe unajua kwamba hakuikosa.

Sasa nisomee polepole hapa.

Jumamosi ile mlikuwa mnacheza na alikuwa anakufunga. Anacheka mpaka anapiga paja, anaieleza televisheni jinsi enzi zake hakuna mpira uliompita, ndiyo maana mpaka leo anaitwa Kipa. Simu yake ikaita mezani. Akaitazama, akailaza kifudifudi.

"Rangi huyo," alisema. "Leo amenikumbuka. Atangoja."

Ikaita tena. Na tena. Mimi nilikuwa napita na sinia, nikaisikia, nikaendelea jikoni. Kisha ikaita simu yangu. Alikuwa mshonaji wa pale chini ya jengo, na kwa muda sikuelewa chochote isipokuwa kilio. Nilipoelewa nilichomoa waya ukutani. Ndiyo maana ghafla uliona wachezaji wa baba yako wamesimama, ukadhani mtandao umekatika.

Tulipofika mtaani kulikuwa na vumbi tu, na watu wamesimama ndani yake weupe kama wamepakwa unga. Upande wote wa ngazi ulikuwa umelala chini. Nilianza kuwatafuta wapangaji kwa macho, nikawaona wengi kuliko nilivyotarajia. Mshonaji akatueleza. Bwana Rangi alikuwa anafagia ngazi akasikia nguzo inalia, sauti kama mti unaovunjwa na mtu asiye na haraka. Hakungoja. Alipanda akigonga kila mlango, akawatoa watu kwa matusi, wengine amewashika mikono kama watoto. Nje akawahesabu kwa kidole. Akauliza, "Kipa yuko wapi?"

Wakamwambia labda ametoka. Lakini redio ilikuwa inasikika ndani. Unajua tabia ya baba yako, akitoka huiacha ikiongea ili wezi wadhani kuna mtu. Na jengo zima lilijua kwamba mchana analala kama gogo. Bwana Rangi akapiga simu. Ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena. Kisha akachukua mtaimbo kwenye kijumba chake. Watu walimshika shati. Aliwaambia Kipa atamtukana akimkuta mlangoni, lakini afadhali atukanwe. Akapanda. Walisikia akiupiga mlango, mara kadhaa, na ule mlango ulikuwa umebanwa. Kisha hawakusikia tena.

Wewe uliambiwa kwamba mtu mmoja amefariki. Ni huyo.

Baba yako aliyasikia hayo amesimama, simu mkononi, na namba ya marehemu bado iko juu ya kioo. Mazishini mjane alimshika mikono yote miwili akamwambia anashukuru kwamba yeye amesalimika, maana mume wake angefurahi. Nadhani kama angempiga kofi ingekuwa afadhali. Tangu siku ile sijasikia mluzi. Ukipiga simu anajichangamsha kwa ajili yako, na simu ikikatika anakaa vilevile alivyokuwa, ameielekea ile mashine iliyozimwa. Niliwahi kuiwasha nikidhani itamwita. Alinyanyuka akaizima kwa adabu, kama mtu anayemfumba marehemu macho.

Usije ukajibebesha mzigo huu, nakuonya. Ungekuwa hukucheza naye siku ile, angekuwa nyuma ya ule mlango. Hilo nimemwambia hata yeye. Ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananiuliza kama nimekula.

Sasa ombi langu. Lile jengo lina pacha wake upande wa pili wa barabara, mwenye nyumba yule yule na mjenzi yule yule. Bado limejaa watu. Baba yako huenda huko kila siku na tochi, anagonga milango, anaomba kuangalia dari. Mwanzoni walimpa kiti. Sasa wanamfungia, na watoto wanamwimbia. Anasema ameona ufa kwenye boriti ya ngazi, ameupima kwa kidole. Ofisini nimekwenda tena, na wameniambia tena kwamba mtu atakuja.

Juzi, wakati wa chai, alisema amepata chumba. Nilifurahi, nikadhani moyo umeanza kupoa, nikamwuliza ni mtaa gani. Akanitajia jengo lile. Ghorofa ya kwanza, karibu na ngazi.

Nilimwuliza kama ana wazimu. Hakukasirika.

"Mdogo wangu," alisema, "mle ndani hakuna anayeisikilizia ile sauti ya nguzo. Lazima awepo mtu wa kuisikia."

Nililia, nikamtishia, mume wangu naye akamsihi. Anasema ataingia mwisho wa mwezi huu. Ameshanunua mtaimbo.

Mpigie, mwanangu. Usimwulize habari ya mashine, na usimwambie kwamba nimekuandikia mpaka yeye mwenyewe aanze. Mwambie unamhitaji. Mwambie aje huko kwako, hata kwa uongo, nami nitausaidia uongo huo kwa nguvu zangu zote. Wewe ndiye mtu pekee ambaye baba yako hajawahi kumkatalia jambo. Mabegi yake yamefungwa, yako ukumbini karibu na viatu, na kila asubuhi nikiamka nayatazama kwanza kabla sijamsalimu mtu.

Mume wangu anakusalimu, na binamu zako wote wawili, wa kushona na wa kusoma. Nisalimie mwenzako na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu akufunike huko uliko, na paa lililo juu yako alishike kwa mkono wake.

Ni mimi nikupendaye kama niliyekuzaa,

Shangazi Fundi