Jeraha la mzambarau

Mama, shikamoo yangu ikufikie hapo kitandani. Dawa ya tumbo lako sijaipata, na kutulia nimeshindwa. Bi Rukia, mganga wako, aliupapasa mzambarau wa uani kwake, pale alipobandua gome la dawa yako mwaka jana, akakirudisha kisu kibindoni.

“Jeraha halijafunga. Mgonjwa hamtibu mgonjwa.”

Nikamsihi akate upande wa pili.

“Nikiumenya pande zote utakufa. Mwakani mamako tutampa nini?”

Mizambarau mingine, ile ya Mbaraki, imekatwa kupisha maghala. Nimeizunguka yote, ni visiki. Basi kila alfajiri nakandika udongo kwenye jeraha, nikiuhimiza mti upone.

Kunywa uji, japo kidogo. Nina wagonjwa wawili sasa: huyu namwona, wewe sikuoni.

Mwanao, Salma