Aliyejibu Ndani ya Ndege

Shemeji yangu mpendwa,

Goti langu limepona, na paka uliyeniachia amenenepa kama mama mwenye nyumba. Nimerudi kurusha ndege, ingawa baada ya mazishi uliniomba nisirudi.

Kwenye klabu ya marubani hawakunipokea vizuri. "Babu, umekuja kumchukua mjukuu?" aliuliza mmoja, wenzake wakaangua kicheko. Hatimaye mwalimu wao alikubali kunipima.

Kabla ya kuwasha injini, rubani mmoja hutaja kifaa, mwenzake hukigusa na kujibu. Ndivyo tulivyozoea mimi na marehemu mumeo. Nikataja, "Mafuta?" Mwalimu alikuwa bado anahangaika na mkanda wake, lakini nyuma yangu nikajibiwa, "Yapo, kaka," kwa ile sauti ya mumeo ya mafua. Nikaendelea, na kila nilipouliza nilijibiwa.

"Mzee, unaongea na nani?" mwalimu akauliza.

"Na mdogo wangu."

Akanifungulia mlango taratibu. "Shuka, mzee wangu. Hapa hutaruka."

Simlaumu, ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo. Kinachoninyima usingizi, shemeji, si kukataliwa. Niliteremka bila kumwambia mdogo wangu twende, naye bado yumo mle ndani, anangoja swali linalofuata.

Ni mimi, kaka wa mumeo