Aliyenitukana Kwenye Drafti

Kimamba, 9 Machi 2014

Mdogo wangu Luhaga,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu Beatrice. Natumaini hamjambo hapo Mikumi. Sisi huku wazima. Mama alikuja juzi kutoka Masanze, miguu inamsumbua kidogo lakini anatembea.

Nakuandikia karatasi na kumpa konda wa basi kwa sababu simu siiamini tena. Ule mchezo wa drafti wa kwenye simu, ambao kampuni ya Dar imekuajiri usimamie maongezi ya wachezaji, umeniletea balaa. Jumamosi nilimfunga mchezaji anayejiita Simba Mkali, nikamla kete zote. Badala ya kuomba marudio, akaandika mahali ambapo kila mchezaji anasoma: “Ng'ombe wa mzee Shilinde wanazaa kila mwaka, binti yake Marciana ndiye hazai. Mume kamrudisha kwao kama debe lililotoboka.”

Nusu ya vijana wa Kimamba wanacheza ule mchezo, Luhaga. Jumatatu mteja kaja kuchukua gauni nililomshonea, akaniangalia tumbo kabla ya kunisalimia.

Wewe unaziona namba za wachezaji. Nataka jina.

Dada yako,
Marciana

Mikumi, 16 Machi 2014

Shikamoo dada,

Pole sana. Sisi hatujambo, isipokuwa mafua ya hapa na pale. Mpe mama pole ya miguu.

Mchezaji akilalamika, maneno yanakuja kwenye kompyuta yangu, nayasoma, nayafuta, namfungia aliyetukana. Kutwa nzima ninasoma matusi. Watu wanaruka herufi ili mashine isiwakamate. Lako mashine ililiacha lipite kwa sababu halina neno chafu hata moja. Ng'ombe, kuzaa, debe. Lilihitaji msomaji anayejua kwetu linauma wapi.

Simba Mkali nimemfungia maisha. Jina siwezi kukupa, nilisaini mkataba. Nikitoa namba ya mchezaji kazi imekwisha, pengine na polisi juu. Naomba uliache lipite, dada.

Beatrice anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Luhaga

Kimamba, 30 Machi 2014

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu za wifi nimezipokea, mwambie namshukuru.

Umemfungia mlango, kaingilia dirishani. Sasa anajiita Simba Karudi. Jana kaandika: “Fundi wa kushona nguo za watoto wa wenzake.” Watu wakacheka chini yake, mmoja baada ya mwingine, na wengine nawajua.

Kwa hiyo sitaki umfungie. Nataka nimwone uso. Nataka aaibike mahali ambapo hawezi kubadilisha jina.

Nilikubeba mgongoni tulipohama Meatu kufuata ng'ombe wa baba, wewe hujui hata kutambaa. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba.

Dada yako,
Marciana

Mikumi, 20 Aprili 2014

Shikamoo dada,

Huku wazima, mvua ni nyingi.

Ni Onesphory, yule fundi baiskeli wa pale stesheni kwenu. Barua hii ichome.

Mdogo wako,
Luhaga

Kimamba, 11 Mei 2014

Mdogo wangu Luhaga,

Marahaba, na asante. Natumaini wewe na wifi mnaendelea vizuri. Mimi sijawa mzima hivi tangu mwaka uanze.

Onesphory nilikuwa namsalimia kila asubuhi. Nikafikiri nimwendee na mwiko, nikaona atapona haraka. Nikakumbuka ana mchumba kule Masanze, Selestina. Nikaenda kumwona mama, wakati wa kurudi nikapita kwa wazazi wa yule binti. Nikawaambia: “Mnamtoa mtoto kwa mwanamume anayetukana matumbo ya wanawake. Na Selestina akichelewa kushika mimba, mtamsikia akitangazwa Tanzania nzima.” Siku ya pili wakaivunja posa.

Alikuja kibandani kwangu mikono bado ina grisi.

“Dada Marciana, nimekukosea nini?”

“Muulize Simba Mkali.”

“Simba gani?” Akatoa simu yake, ile ya tochi, imefungwa na mpira wa baiskeli. “Ona. Humu nitachezea wapi drafti?”

Nikamwambia nyingine ameificha. Akalia mbele ya wateja wangu, mwanamume mzima. Sikuona huruma, Luhaga. Nilishona mpaka jioni nikiimba.

Dada yako,
Marciana

Kimamba, 29 Juni 2014

Luhaga,

Hujajibu barua yangu. Mama mzima. Mimi mzima.

Simba kaingia tena, kwa jina jipya. Kaandika kwamba Krismasi nilikuja Mikumi kunywa dawa za uzazi za mganga, nikazitapika kwenye beseni.

Siku ile wewe ulikuwa kazini. Aliyenishikia beseni ni mkeo. Nilimwomba asikwambie hata wewe, na naamini hakukwambia. Kwa hiyo namba uliyoiona mwezi wa tatu ni ya simu inayolala kitandani kwako. Ukatafuta wa kunitupia, ukampata Onesphory, kwa sababu hana ndugu hapa wa kumtetea.

Nilimfuata stesheni, nikamwomba radhi mbele ya mafundi wenzake. Alikuwa anaziba pancha. Hakuinua kichwa. Akasema, “Selestina ameshaolewa Lumuma,” akaendelea kuziba.

Kutoka hapo nimepiga simu kwenye kampuni yenu. Nimewaambia yote, jina lako, la mkeo na langu. Jumapili naenda Masanze kumwambia baba, na hata nikikuta wageni sitasubiri watoke.

Marciana

Mikumi, 14 Desemba 2014

Shikamoo dada,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mama na baba wanaendeleaje? Nauliza kwako kwa sababu baba hapokei simu yangu tangu ulipomwambia.

Kazi waliniachisha mwezi wa saba. Sasa nakaanga chipsi pale malori yanapolala. Sijitetei. Beatrice anasema ulimcheka mbele ya mama kwamba hajui hata kusonga ugali, akaliweka moyoni. Ulipomfunga kwenye drafti bila kujua ni yeye, hasira zikampanda, akaona jina la simba litamficha. Mimi nilipoiona namba yake niliogopa nyumba yangu isivunjike. Onesphory lilikuwa jina la kwanza lililonijia.

Jumanne Beatrice kajifungua mtoto wa kike. Tumekubaliana aitwe Marciana. Beatrice ndiye aliyeniambia niandike. Njoo umbebe, dada. Tumekwisha kujifunza.

Mdogo wako,
Luhaga

Kimamba, 28 Desemba 2014

Luhaga,

Barua imefika. Baba na mama wazima. Namshukuru Mungu mtoto kafika salama na mama yake pia.

Ni kweli nilimcheka Beatrice, na ugali wake ulistahili. Lakini Onesphory hakumcheka mtu. Amefunga kibanda chake, kapanda treni, na hakuaga mtu. Mimi nilimvunjia posa na nitaendelea kulibeba hilo. Ninyi wawili mlitaka nilibebe huku mkinitumia salamu.

Sitakuja.

Mtoto mtafutieni jina jingine. La kwangu mmekwisha kulichezea.

Marciana