Wale Tatu wa Doublon

Jumatano, 3/9/2025

— na Kamikazi akarudishwa tena kwa meza ya kwanza. Mara ya tatu hiyo anafika mbele ya meza. Mi nilikuwa chini ya trisikle ya Donat, nafunga cheni, donc nilisikia yote. Mutu akiwa chini na grisi kwa mikono, wakubwa wanafikiri hana masikio.

Iko hivi. Soko mupya ya karibu na mupaka imeisha kujengwa. Stendi thelathini ni za wanawake, kumi ni za walemavu. Komite ya soko iliandika hiyo kwa bango, na picha ya mama nacheka. Leo ilikuwa kujiandikisha. Hema moja, meza mbili. Ya wanawake anakaa Verediane, prezida wa koperative yao. Ya walemavu anakaa Donat, prezida wa koperative yetu — nasema yetu juu mi njo fundi wao wa trisikle. Donat hana miguu lakini yuko na simu tatu.

Kamikazi anauzaka sambaza. Miguu yake ilikauka akiwa mutoto, anatembea na trisikle ya kupiga pedali na mikono. Mukliyan wangu miaka ine. Gurudumu zake nazijua kuliko sura yake, juu sura yake siwezi kuangalia muda murefu.

Verediane akamwambia: mama, ata kipofu anaona we ni wa ile meza ingine. Akaenda. Donat akasema: dada, we ni mwanamuke kwanza, si uende kwa wanawake wenzako? Akarudi. Alipofika tena kwa Verediane akauliza, sasa nipasuliwe katikati? Watu wakacheka. Ye hakucheka.

Mwishowe akakuja Bahizi, sekretere wa komite. Alirudi kutoka Uganda, anavaa gilet ya mifuko nane na zote ni tupu. Akasema: andika kote kote, mashini ya kompyuta itachagua, no problem. Kamikazi akaandika kote kote. Iribagiza na Uwimana, wanawake wale wengine wa trisikle, pia wakaandika kote kote. Bahizi alifurahi sana. Sikujua anafurahia nini.

Kuanzia 15/9, mutu akiuza chini kwa barabara, beseni yake inakamatwa. Donc stendi ama nyumbani. Na Kamikazi nyumbani iko na mutoto wa primaire na baba wa mutoto hayuko.

Alhamisi, 4/9

Hakuna kitu. Mvua. Nimeziba mupira sita. Donat ameleta fereni yake, breki, mara ya pili kwa wiki. Mutu anashuka mulima ya stade sawa na anafukuzwa, halafu anasema fereni ni mubaya.

Ijumaa, 5/9

Lisiti za majina zimebandikwa kwa ukuta wa nje wa biro, ofisi ya komite. Juu sana. Wameziweka pale mutu wa trisikle haoni ata chini ya karatasi. Walemavu wote walikuwa pale na shingo juu sawa na bata wanakunywa maji.

Kamikazi akaniambia: Faradji, nisomee.

Mi nasomaka polepole. Niliacha shule mwaka wa ine. Nilianza na wanawake, jina kwa jina, na kidole. Watu nyuma wakaanza kusema, fundi, umalize leo. Thelathini. Hayuko. Nikaenda kwa walemavu. Stendi kumi — majina saba. Nikahesabu tena. Saba. Wote wanaume.

Chini kabisa kulikuwa karatasi ndogo: «Doublons, waliotolewa». Majina tatu. Kamikazi. Iribagiza. Uwimana.

Nikamwambia. Akasema: doublon ni nini? Nikasema sijui. Bahizi alikuwa amesimama karibu, akaeleza: mutu akionekana kwa lisiti mbili, mashini inafikiri ni mwizi, inamutoa kwa zote mbili. Kamikazi akasema: lakini ni we uliniambia niandike kote kote. Bahizi akasema: mi nilikushauri, lakini mashini njo inaamua.

Mashini. Mi niko na mashini pia, ya kupuliza mupira. Haijawahi kuamua kitu.

Nikasimama pale nikaangalia yale majina tatu. Nilikuwa na neno. Haikutoka.

Ijumaa tena, jioni

Ile neno imetoka, lakini kwa karatasi.

Mwanaume mulemavu hawezi kuwa doublon. Hawezi kuandika kwa wanawake. Mwanamuke wa miguu mizima hawezi kuwa doublon, hawezi kuandika kwa walemavu. Doublon inaweza kuwa mutu wa aina moja tu. Mwanamuke wa trisikle. Tuko na tatu kwa hii mutaa na tatu zote zimetoka.

Hawakumutafuta mutu. Ata hawakumuchukia. Walitengeneza mulango mbili na wakasema kila mutu apite mulango yake, na hawa tatu zote mbili zikawafungia.

Nilimwambia Kamikazi hiyo wakati napuliza mupira yake, nikiangalia valve. Halafu akasema: Faradji, miaka ine unaniambia tu «mupira iko tayari mama». Kumbe ulikuwa nafikiri.

Leo sitalala muzuri.

Jumamosi, 6/9

Nilisukuma Kamikazi mupaka kwa Verediane, juu mulima iko mubaya pale. Verediane alikuwa nachambua maharagi. Alitupatia chai, hiyo siwezi kukataa, si mutu mubaya. Lakini akasema: dada, sisi tunabeba mizigo na kichwa kupita barrière ya mupaka, mvua, jua. We unapita umekaa. Wanawake wangu wakiona nimekupa stendi watanitoa kwa uprezida.

Kamikazi akasema: nipe miguu yako, nikupe kiti yangu. Tubadilishe leo, ata chai nitamalizia kwako.

Verediane akaangalia maharagi.

Kwa Donat. Ye yuko wazi zaidi. Akasema zile stendi tatu zilizobaki, koperative itafanya depo, stoo yao. Nikafikiri: depo ya nini? Simu? Akasema tena: hawa wanaume saba ni wakubwa wa familia, Kamikazi. Kamikazi akamuuliza: na familia yangu mukubwa wake ni nani, hii beseni? Donat akasema: mwanamuke mulemavu anasaidiwa kwa wanawake, njo utaratibu.

Utaratibu. Kwa wanawake wanasema ye ni mulemavu. Kwa walemavu wanasema ye ni mwanamuke. Nafikiri hawa tatu wakienda mbinguni malaika atawaambia waandike kote kote.

Jumapili, 7/9

Mama yangu ameuliza kwa nini nilikuwa nasukuma «yule wa sambaza» mupaka kwa mulima, mbele ya watu. Nikasema mupira. Akasema: mupira inasukumwa masaa tatu? Nikakula nikatoka.

Jumanne, 9/9

Leo inteko. Kila Jumanne mutaa yote inakaa kwa majani, mutu mwenye shida anasema mbele ya wakubwa. Wazee wanasema shida ya ng'ombe na mipaka ya shamba. Kesi ya kuku moja ilichukua nusu saa.

Halafu Bahizi akasoma raporo ya soko. Nilikuwa na bic, nikaandika kwa mukono yangu. Wanawake walioandikishwa: mia na mbili. Walemavu walioandikishwa: kumi kwa kumi, asilimia mia. Watu wakapiga makofi. Mi nikaangalia mukono yangu. Kumi? Lisiti iko saba. Saba na tatu njo kumi. Wale tatu wa doublon wako ndani ya raporo! Kwa walemavu wamehesabiwa. Kwa mia na mbili ya wanawake wamehesabiwa tena. Kwa raporo wako mara mbili, kwa soko ata mara moja. Sasa nimejua ile siku Bahizi alifurahia nini.

Kamikazi akanyoosha mukono. Mikro ikapita juu ya kichwa yake mara mbili, inaenda kwa watu wamesimama. Mwishowe akaongea bila mikro. Yuko na sauti ya kuuza sambaza, mikro ya nini.

Akasema: wakubwa, nawaheshimu. Mulipanga za wanawake, muzuri. Mukapanga za walemavu, muzuri. Mulifikiri mwanamuke mulemavu hazaliwaki? Ama munafikiri miguu yangu inauza kivyake na mi nauza kivyangu?

Halafu mutu nyuma akacheka, halafu wengi. Lakini cheko ya muzuri, ya kumusaidia.

Bahizi akasema prosija, njo utaratibu, iko wazi: mutu mwenye malalamiko akuje ye mwenyewe kwa biro kesho, kabla ya saa sita, asaini kwa kitabu. Kesho njo wanagawa funguo za stendi. Saa sita ikipita bila saini, zile stendi tatu ni za depo.

Biro iko juu, etaje ya kwanza. Ngazi kumi na saba, nimezihesabu. Donat anabebwa na vijana wawili.

Hapo nikasimama. Sijui kwa nini, miguu ilisimama. Watu wote wakaangalia. Nilitaka kusema: kitabu kishuke. Maneno mbili tu! Mutu akasema: fundi anataka kuoa! Wakacheka wote, ata muzee wa kuku. Nikakaa.

Kwa njia nikamwambia Kamikazi: samahani. Akasema: ulisimama, Faradji, mi ata hiyo siwezi. Na akacheka, njo nikajua naweza kucheka.

Nikamwambia kesho mi na mutu mwingine tutakubeba. Akaacha kucheka. Akasema hapana. Akasema: Donat akibebwa anabebwa sawa na begi. Mi nikibebwa, mikono za wanaume zinapotea njia. Mara mbili nimebebwa kwa biro za watu, mara mbili nimeshuka nikilia na nikisema asante. Sibebwi tena.

Miaka ine, nilifikiri najua shida zake zote, cheni, mupira, pedali.

Jumatano, 10/9

Saa ine na nusu. Niko kwa atelier yangu, karakana karibu na biro, naandika haraka.

Kamikazi alikuja saa moja asubuhi. Akasema: Faradji, gurudumu ya mbele inatoka haraka namna gani? Nikasema dakika mbili, ni bulo mbili za kufungua na spana. Akasema: na kurudisha? Nikasema inategemea fundi. Akasema muzuri.

Tulingoja kwa kona. Saa tatu wote walipanda: Bahizi na kitabu chake, Verediane, Donat kwa mikono ya vijana, wale saba, wanawake kama ishirini. Wakafunga mulango, juu wanaanzaka na maombi.

Kamikazi akaingiza trisikle kwa mwanzo wa ngazi, pale njia inabana katikati ya ukuta mbili. Akavuta fereni. Beseni ya sambaza mbele. Akaniangalia. Mi nikapiga magoti, nikafungua bulo mbili. Nikabeba gurudumu kwa bega, nikaenda nayo sawa na mutu anaenda kuziba mupira.

Njo yote nilifanya. Iko hapa mbele yangu, imelala kwa mbao.

Kelele ilianza saa tatu na nusu, tunasikia mupaka huku. Verediane alikuwa wa kwanza kutaka kushuka, anataka kwenda chooni. Kamikazi akamwambia: shuka mama, mwambie Bahizi ashuke na kitabu. Mutu akisema tumutoe, Kamikazi anasema: nigusani, nitapiga kelele mupaka Goma wajue majina yenu. Hakuna mwenye anagusa. Donat anaita kwa simu tatu. Ye hawezi kushuka, vijana hawawezi kupita naye juu ya beseni. Bahizi alisema kutoka juu: mama, hii si prosija. Kamikazi akasema: umesema nikuje mi mwenyewe kwa biro. Nimekuja. Biro njo imebaki huko juu.

Zamu, mulinzi wa biro, amekuja hapa mara mbili. Mara ya kwanza: fundi, sekretere anasema leta gurudumu, ni amri. Nikamwambia mupira imetoboka, kola ya kuziba haijakauka. Sijawahi kumudanganya mutu wa serikali. Akaangalia mupira — iko muzuri, imejaa, inang'aa — akaniangalia mi. Akasema: kola inakauka baada ya muda gani? Nikasema: kitabu ikishuka. Akakaa kidogo, akakunywa maji yangu, akaenda.

Mara ya pili amekuja sasa hivi, anakimbia. Anasema Verediane amegeuka, amekaa kwa ngazi ya juu, anamwambia Bahizi: we shuka na hiyo kitabu bwana, mkojo hauna sistemu. Lakini Bahizi hataki. Ametuma mutu atafute ufunguo wa mulango ya nyuma. Kuko ngazi za chuma kule, za zamani. Atashuka huko na kitabu, apande voiture, gari yake, na saa sita ikifika aandike hakuna mwenye alikuja.

Zamu hakuwa na kazi ya kuniambia hiyo. Ameniambia.

Na hajamaliza kuongea, Iribagiza na Uwimana wamesimamisha trisikle zao mbele ya mulango yangu, wanahema, jasho kwa uso. Uwimana ameniuliza kama zile ngazi za chuma nazijua. Nimesema nazijua, nilizichomelea pale zilivunjika, miaka mbili nyuma. Ameuliza upana wake.

Nimemujibu: Trisikle moja, na nafasi ya mukono.

Iribagiza amesema: basi moja inatosha kuziba pale chini, ya pili ni ya mulango ya choo, tusiwe na haraka. Wamecheka wote wawili. Halafu Iribagiza ameangalia spana kwa ukuta, ya namba kumi na saba, na ameniambia, fundi, bulo zangu ziko na kutu, utahitaji dakika ngapi?

Ni saa tano kasoro. Lazima nitoke sasa, juu bulo za kutu haziwezi kufunguka kwa dakika mbili, na zamu anasema ufunguo wa mulango ya nyuma umeshaonekana.